Wavu wa Mbu Madirishani: Namna ya Kuusafisha na Kuutunza

Watu wengi wakiisha kutia wavu katika madirisha ya nyumba zao huona kwamba kazi imekwisha. Fundi amelipwa, misumari imepigwa, na tangu siku ile mbu hana ruhusa ya kuingia. Miaka miwili au mitatu ikipita hakuna mtu autazamaye wavu tena. Umejaa vumbi na utando wa buibui, pembe moja imeachana na mbao, na karibu na komeo pana tundu lililoanzwa na kidole cha mtoto mmoja na kupanuliwa na kidole cha mtoto mwingine. Hata hivyo wenye nyumba hulala wakiamini kwamba wanalindwa.

Hapo ndipo penye hatari. Nyumba isiyo na wavu hujulikana kuwa haina wavu, na watu wake hujihadhari: hufunga madirisha mapema, na kila jioni huteremsha vyandarua vyao. Nyumba yenye wavu mbovu huwadanganya watu wake. Tena mbu akiisha kupenya kwa tundu moja haoni upesi njia ya kutokea. Hutua ukutani nyuma ya kabati au chini ya kitanda, na usiku unaofuata yumo tayari ndani. Basi wavu ulioachwa bila kutunzwa waweza kugeuka kuwa mtego, na anayenaswa si mbu bali ni mwenye nyumba.

Kuutunza wavu si kazi ngumu wala haihitaji fedha nyingi. Maji, sabuni, brashi laini, sindano na uzi, na saa chache katika mwaka, vyatosha. Lakini yafaa kwanza kufahamu kwa nini kazi hii ni ya lazima.

MBU NA MALARIA

Malaria huenezwa na mbu jike wa jamii iitwayo Anofelesi. Mbu dume hanyonyi damu. Chakula chake ni maji matamu ya mimea. Jike ndiye atafutaye damu ili apate kutunga mayai. Wale waenezao malaria zaidi katika nchi ya Kenya wamezoea kuingia nyumbani usiku na kuwauma watu waliolala, hasa usiku mwingi mpaka karibu na alfajiri. Huingia kwa dirisha, kwa mlango, na zaidi ya yote kwa ule mwanya ulio kati ya ukuta na paa.

Zamani mambo haya hayakujulikana. Watu wa mataifa mengi walidhani kwamba homa hiyo hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, aliyekuwa akifanya kazi India, aliviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Hata hivyo wengi hawakusadiki, na ikahitajika kuonyesha jambo hilo wazi mbele ya macho ya watu.

Mwaka 1900 madaktari wawili, George Low na Luigi Sambon, walikwenda kukaa karibu na Ostia, katika nchi ya Italia, mahali palipojulikana sana kwa malaria. Walikaa katika kibanda cha mbao ambacho madirisha yake na milango yake ilikuwa imetiwa wavu wa waya. Mchana walitembea kama watu wengine, na hewa waliyovuta ilikuwa ile ile ya mabwawa. Lakini kila jua lilipokaribia kuchwa waliingia ndani, wasitoke mpaka asubuhi. Walikaa hivyo miezi ya homa kali, na hawakushikwa na malaria. Mwaka ule ule, kijana mmoja, Patrick Thurburn Manson, akiwa London, alikubali kwa hiari yake kuumwa na mbu walioletwa kutoka Italia hali wamekwisha kuambukizwa. Yeye akaugua. Basi waliokaa bondeni kwenye homa, ndani ya wavu, walisalimika; na aliyekaa mbali na bonde lile, akaumwa na mbu wake, alishikwa na homa.

Katika mwaka huo huo bingwa Giovanni Battista Grassi aliwalinda watu 112 katika uwanda wa Capaccio, Italia, wasiumwe na mbu tangu magharibi mpaka alfajiri. Kati yao ni 5 tu walioshikwa na malaria. Watu 415 wa mahali hapo ambao hawakulindwa walishikwa wote.

Siku za karibu zaidi jambo hili limejaribiwa katika Afrika. Katika miaka ya 2006 na 2007 nyumba nyingi za mji wa Farafenni na vijiji vya jirani, nchini Gambia, zilitiwa wavu madirishani na milangoni, na mwanya wa paa ukazibwa. Nyumba zisizotiwa kitu zilikutwa na mbu wa malaria 37 hivi kila usiku mitego ilipowekwa, na nyumba zilizotiwa wavu zilikutwa na 15 hivi. Tena katika kila watoto 100 wa nyumba zisizo na wavu, 19 walikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Katika nyumba zenye wavu walikuwa 12. Hapa Kenya, katika sehemu ya mashamba ya mpunga ya Ahero, nyumba zilizowekewa dari ya mikeka ya mafunjo zilionekana kuwa na mbu wachache kuliko nyumba jirani zisizo na dari.

Ushuhuda huu wote wahusu nyumba zilizozibwa vema. Hakuna bingwa aliyewahi kusema kwamba wavu uliotoboka hukinga.

MADHARA YA UCHAFU

Wavu wa kawaida wa mbu una matundu 16 au 18 katika kila inchi moja, na upana wa kila tundu ni kama milimita moja na robo hivi. Mbu hawezi kupita hapo, lakini upepo hupita. Hata wavu safi huupunguza upepo kidogo. Wavu uliojaa vumbi huupunguza sana, na chumba huwa na joto na harufu. Mtu akishindwa kulala kwa joto hatamkumbuka mbu. Atausukuma wavu na kulifungua dirisha lote. Kwa njia hii vumbi peke yake, bila tundu hata moja, laweza kumwingiza mbu nyumbani.

Dhara la pili ni kutu. Vumbi hushika umande na maji ya mvua, na waya hukaa na unyevu hata jua likiwaka. Karibu na bahari vumbi hilo huchanganyika na chumvi iletwayo na upepo, na chumvi hula chuma upesi. Mwenye nyumba huona rangi ya kahawia akadhani ni udongo, kumbe waya umekwisha kuoza chini yake, na siku atakapoupangusa utakatika mkononi mwake.

AINA ZA NYAVU

Kabla ya kusafisha ni lazima kuujua wavu wenyewe, kwa maana kiponyacho kimoja huua kingine.

Wavu wa chuma kilichopakwa zinki ni wa bei nafuu na una nguvu, lakini zinki ikikwanguka kutu huingia. Huweza kutambuliwa kwa sumaku, kwa kuwa sumaku hunasa chuma. Wavu wa alumini ni mwepesi na hauna kutu nyekundu, ila haupendi magadi wala jivu, na hewa ya pwani huutia madoa meupe na vitundu. Wavu wa shaba hudumu miaka mingi. Rangi yake hugeuka kahawia kisha kijani, na kijani hicho si dalili ya kuoza. Wavu wa nyuzi za kioo zilizopakwa plastiki hauna kutu kabisa na hukatwa kwa mkasi wa kawaida, lakini huchanwa kwa urahisi na kucha za paka na midomo ya kuku. Wavu wa nailoni ndio rahisi kuliko zote, nao huchakaa upesi kwa jua na huyeyuka ukikaribia moto.

Jambo moja husahauliwa hata na mafundi. Madini mawili ya namna mbili yakigusana mahali penye unyevu na chumvi, moja hulila lingine. Wavu wa shaba ukipigiliwa kwa misumari ya chuma, misumari itaoza na wavu utaachia. Wavu wa alumini ukipigiliwa kwa misumari ya shaba, alumini ndiyo itakayoliwa. Basi wavu wa shaba utakiwe misumari ya shaba, na wavu wa alumini utakiwe misumari ya alumini au ile ya chuma isiyoshika kutu.

NAMNA YA KUSAFISHA

Kazi hii ifanywe asubuhi, ili wavu upate kukauka kabla ya magharibi. Kama fremu ya wavu yaweza kutolewa, itolewe na kuwekwa nje, na kila moja iandikwe alama kwa chaki ili irudi katika dirisha lake. Fremu zilizotengenezwa kwa mkono hazilingani sana, na ikiwekwa katika dirisha la pili huacha mwanya.

Kwanza, vumbi liondolewe kavu. Maji yakimwagwa juu ya vumbi jingi huwa tope, nalo tope huziba matundu kuliko mwanzo. Tumia brashi laini au ufagio mdogo, tangu juu kwenda chini, upande wa ndani kisha upande wa nje. Ambao fremu zao zimepigiliwa wasimame ndani na kusukuma vumbi nje, wakijifunika pua kwa kitambaa.

Pili, tia sabuni ya kufulia katika ndoo ya maji ya uvuguvugu. Chovya brashi laini au kitambaa, na kupitisha polepole juu ya wavu. Mkono mmoja ukiwa unasugua, mwingine ushike wavu kwa nyuma ili usilegee. Usitumie mchanga, wala jivu, wala chuma cha kusugulia sufuria, kwa kuwa hivyo hukwangua zinki na plastiki. Magadi na dawa kali za kufungulia mifereji visikaribie alumini.

Tatu, suuza kwa maji safi. Maji yamwagwe kwa kopo polepole. Bomba lenye nguvu huulegeza wavu na kuung’oa katika misumari. Mahali palipo na shida ya maji, kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa chatosha, kikipitishwa mara mbili. Maji ya sabuni yaliyobaki yaweza kutumiwa kusafishia fremu na kizingiti cha dirisha, ambako vumbi hukusanyika na kurudi juu ya wavu kwa upepo wa kwanza.

Nne, usimamishe wavu mpaka ukauke. Usiulaze chini, maana watoto na kuku hawachelewi kupita juu yake. Wavu wa nailoni ukaushwe kivulini.

Mahali penye vumbi jingi, kama kando ya barabara ya udongo, wavu upigwe brashi kavu kila juma na kuoshwa kila mwezi. Mahali pengine kuosha kila miezi mitatu kwatosha. Pwani, wavu wa chuma na wa alumini usuuzwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mara nyingi kadiri iwezekanavyo, hata kama hauonekani kuwa mchafu.

KUTAFUTA MATUNDU

Wavu ukiisha kuwa safi ndipo matundu yake yaonekanapo. Njia nyepesi ni kutumia nuru. Mchana, funga mlango na kuziba nuru nyingine ya chumba, kisha tazama dirisha: tundu lililo kubwa kuliko mengine litang’aa kama nyota. Usiku, mtu mmoja akae ndani na taa, mwingine azunguke nje akitazama ukingo wa kila fremu. Mahali nuru ipitapo kati ya fremu na ukuta, mbu naye hupita.

Mara nyingi wavu wenyewe ni mzima na kosa liko pembeni. Mbao hukauka na kupinda, saruji huachana na fremu, msumari hung’oka. Mwanya huo hauonekani kwa mtu asimamaye mbele ya dirisha, lakini mbu haji mbele; yeye hufuata harufu ya watu na joto lao mpaka apate mahali pa kupenya.

KUTENGENEZA

Nyaya zikiwa zimesogezwa tu, bila kukatika, zirudishwe mahali pake kwa ncha ya sindano au msumari mwembamba.

Tundu dogo la wavu wa waya lishonwe kwa waya mwembamba wa namna ile ile, uliotolewa katika kipande cha wavu wa zamani. Tundu kubwa kidogo litiwe kiraka. Kata kipande kinachozidi tundu kwa inchi moja kila upande. Chomoa nyaya mbili au tatu katika kila ukingo wa kiraka, ili ncha zibaki kama meno ya kitana. Pinda meno hayo yote upande mmoja, yapenyeze katika wavu kuzunguka tundu, kisha upande wa pili yakunjwe na kulazwa kwa ubapa wa kijiko. Ncha zisiachwe zikichomoza, zisije zikawakwaruza watoto.

Wavu wa nailoni hushonwa kwa sindano na uzi kama nguo. Wavu wa nyuzi za kioo hutiwa kiraka kwa uzi, au kwa gundi isiyoharibiwa na maji, ikipakwa kidogo tu ili isizibe matundu ya jirani. Karatasi, pamba na sabuni iliyotafunwa si viraka. Mvua ya kwanza huvitoa.

Wavu wenye viraka vingi, au ule ukatikao ukiguswa, haufai kuponywa. Ubadilishwe wote. Wavu mpya ukatwe ukizidi fremu kwa inchi mbili kila upande. Upigiliwe kwanza upande wa juu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Kisha uvutwe sawasawa na kupigiliwa chini, na mwisho pande mbili. Juu ya misumari zipigwe fito nyembamba za mbao kuzunguka fremu yote, kwa sababu wavu ulioshikwa kwa misumari peke yake huchanika penye kila msumari.

Ikiwa kutu imeanza tu, wavu usuguliwe taratibu kwa brashi, upanguswe, na ukikauka kabisa upakwe rangi nyepesi au vanishi. Rangi ichanganywe na tapentaini mpaka iwe nyembamba, nayo ipakwe kwa kipande cha zulia au blanketi kilichokamuliwa, si kwa brashi iliyojaa. Tundu likizibwa na rangi lipulizwe au kuchokolewa kabla rangi haijakauka. Rangi za zamani katika mbao za madirisha huenda zikawa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto. Basi zisikwanguliwe kavu ndani ya nyumba.

MLANGO NA MWANYA WA PAA

Madirisha yote yakiwa mazuri na mlango ukiwa wazi, kazi ni bure. Mlango wa wavu hufaa ufunguke kwa nje, ili mbu waliotua juu yake wasukumwe mbali, na uwe na springi ya kuurudisha. Bawaba zitiwe mafuta, na springi iliyolegea ibadilishwe. Sehemu ya chini, kwa kadiri ya futi mbili, ifunikwe kwa ubao au bati, kwa kuwa hapo ndipo watoto husukuma kwa miguu na mbwa hukwaruza. Chini ya mlango kisibaki kipenyo. Kipande cha mpira wa gari kilichopigiliwa ukingoni hukiziba vema.

Mwanya wa paa nao utazamwe. Katika nyumba nyingi za mashamba ndiyo njia kuu ya mbu. Usizibwe kwa udongo wote ikiwa ndani hupikwa kwa kuni, kwa sababu moshi utakosa njia na kuwadhuru wanawake na watoto. Utiwe wavu, ambao huzuia mbu na kuruhusu hewa. Chandarua kikuukuu kisichofaa tena kitandani chaweza kukatwa na kutumiwa hapo. Lakini chandarua kizima kisiondolewe kitandani kwa kazi hiyo.

JIKONI

Wavu wa jikoni ni kinga ya inzi zaidi kuliko mbu. Inzi hutoka chooni na kwenye jaa, akatua juu ya chakula, akaleta maradhi ya kuhara. Wavu huu huchafuka upesi kuliko mingine, kwa sababu masizi na mafuta hugandamana. Hutaka maji ya moto na sabuni, na kuachwa umelowa kwa dakika chache kabla ya kusuguliwa. Usitumie petroli, imekwisha kuunguza nyumba nyingi.

Tena mtu yeyote asidhani kwamba kwa kuwa dirisha lina wavu, jiko la makaa laweza kuachwa chumbani usiku. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Wavu wenye vumbi huifanya hatari hiyo kuwa kubwa zaidi. Jiko litolewe nje.

NYUMBA ZA MIJINI

Wako watu wa mijini wasemao kwamba mambo haya ni ya watu wa mashamba na wa kando ya Ziwa. Hawasemi kweli. Mwaka 2013 homa ya dengi ilienea Mombasa, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 hata 2018 ikaja chikungunya. Maradhi hayo huletwa na mbu mwingine, mwenye mabaka meupe miguuni, azaliwaye katika mitungi, mapipa na matairi ya zamani. Mbu huyo huuma mchana, wakati ambapo hakuna mtu aliye ndani ya chandarua. Kwa mtoto achezaye chumbani saa tano za asubuhi, wavu wa dirisha ni kinga kubwa. Tena mapema mwaka 2023 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI, ilitangaza kwamba mbu wa malaria aitwaye Anofelesi stefensi ameonekana Marsabit. Yeye asili yake ni Asia, na huweza kuzaliana katika matangi na mapipa ya maji ya mjini.

Mpangaji asiyeruhusiwa kupigilia misumari katika madirisha ya mwenye nyumba aweza kutengeneza fremu nyepesi ya mbao iingiayo barabara ndani ya dirisha, naye ataichukua akihama. Ila jambo moja lisisahauliwe: katika kila chumba cha kulala liwe dirisha moja ambalo wavu wake, na vyuma vyake kama vipo, vyaweza kufunguliwa kwa ndani bila ufunguo. Moto ukitokea, kinga ya mbu isiwe kizuizi cha watu.

WAKATI WA KAZI

Mwenye nyumba mwenye busara hangoji kuumwa. Mwezi wa Februari, kabla ya mvua za masika, atoe fremu zote, azioshe, atazame matundu na kuyatengeneza. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za vuli, afanye tena. Baada ya mvua kubwa au upepo mkali, azunguke nyumba mara moja na taa. Kazi hii yafaa kugawanywa: mtu mzima ashike nyundo na gundi, vijana waoshe, na watoto wapewe kazi ya kutafuta matundu, maana macho yao ni makali na hufurahi kuyaona kabla ya baba yao. Mtoto aliyewahi kulitafuta tundu hatalitoboa jingine kwa kidole chake.

Wakati huo huo maji yaliyotuama karibu na nyumba yamwagwe, mapipa yafunikwe, na vyandarua vyenye dawa viangaliwe navyo. Wavu wa dirisha hauondoi haja ya chandarua. Mbu mmoja huweza kuingia pamoja na mgeni mlango ukifunguliwa, na chandarua ndicho kimngojacho. Wala wavu hauponyi aliyekwisha kuugua. Mtu mwenye homa, na hasa mtoto mdogo au mama mja mzito, apelekwe hospitalini au zahanati upesi apimwe damu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la wavu ni dogo kuliko ufa, na ukuta ujengwao kwa ajili yake huwa ghali zaidi: siku za kazi zilizopotea, nauli ya hospitali, na mtoto aliyekosa shule majuma mawili. Sindano na uzi vimo katika kila nyumba. Linalotakiwa ni mtu wa kuinuka asubuhi moja ya Jumamosi, akalitazame dirisha lake kwa makini, na kulishona tundu kabla jua halijachwa.